Kadi Isiyo na Bahasha

Yapo mambo ambayo mji huyajua kabla ya mwenyewe. Jumapili ile watu wa bandari ya Kalemie, kando ya ziwa, wabeba mizigo pamoja na wauza samaki, waliyajua maneno ambayo Elie alimwandikia Bertille. Waliokuwa hawayajui ni wawili tu: Bertille, aliyeandikiwa, na Papa Ruben, baba yake, aliyeyafunga.

Misa ya pili ilikuwa imekwisha. Padri alikuwa amesoma matangazo ya ndoa ya vijana wawili wa parokia, na kama ilivyo desturi akauliza mwenye kujua kizuizi aseme. Hakuna aliyesema. Lakini Bertille alihisi macho ya akina mama yakiwapita wale wachumba na kutua mabegani mwake. Nje, kwenye ngazi za kanisa, Mama Bijou, mchuuzi wa samaki wakavu, alimshika mkono kwa viganja viwili kama mtu anayetoa pole na hongera kwa wakati mmoja.

"Mwalimu wetu! Miye nilisoma mule ndani ya boti, nikalia mbele ya abiria wote. Ile fasi, pale anasema juu ya maji..."

"Mama Bijou, nakuomba. Usiniambie."

"Weye haujasoma?"

"Bado."

"Yesu wangu! Tangu Jumanne?" Mama Bijou aliziba mdomo, akamtazama Papa Ruben aliyekuwa akishuka ngazi na mwavuli wake, mgongo umenyooka kama reli. Sauti yake ikashuka. "Basi muzee amekukalia juu ya moyo, mutoto wangu."

Bertille alimuaga kwa kichwa. Alimfuata baba yake nyumbani, hatua chache nyuma, kama alivyomfuata tangu utoto.

Papa Ruben alikuwa mkuu wa ofisi ya mizigo pale stesheni kwa muda mrefu wa maisha yake, hata treni zilipopungua naye akastaafu. Alisomeshwa na Mapadri kule Moba, kusini mwa ziwa, katika siku ambazo mwandiko mbaya ulihesabiwa kuwa dhambi ndogo. Hakuwahi kupoteza kifurushi cha mtu. Hakuwahi kufungua barua isiyo yake. Tena alishika neno moja ambalo watoto wake walilijua kama sala ya Baba Yetu: barua huvaa bahasha kama mtu anavyovaa nguo, na anayetuma maneno uchi amemvua nguo yule anayempelekea.

Sasa, msomaji, fahamu ya kuwa mtu huyu alijaliwa binti mwenye kupenda kadi za posta.

Mapenzi hayo aliyarithi kwa mama yake, marehemu Léonie. Masista wa Moba walimpa Léonie, akiwa msichana, kadi yenye mlima wa Uswisi uliochongoka kama jino, mweupe kwa theluji mpaka miguuni. Kadi ile ilizaa nyingine, na nyingine, hata likahitajika sanduku la bati. Alipokuwa akifa alimwita Bertille, akamwekea ufunguo kiganjani, akasema, "Dunia ni ya Mungu. Itunze." Bertille, ambaye ni mwalimu wa jiografia na hajawahi kufika mbali kuliko mji wa Kongolo, aliitunza. Piramidi za Misri zilikuwamo, na maporomoko ya Zambezi yenye moshi, na makanisa ya Uhabeshi yaliyochimbwa ndani ya mwamba, na msikiti wa udongo wa Djenné, na mji wa mawe juu ya milima ya Peru. Alikuwa na sheria moja tu: kadi iliyonunuliwa na kukaa haikuingia katika sanduku. Ilipaswa kuwa imesafiri, ina muhuri, ina mwandiko wa mtu nyuma yake. "Isiyosafiri ni picha tu," aliwaambia wanafunzi wake.

Wako watu ulimwenguni wanaopenda kubadilishana kadi na wasiowafahamu, nao walimwandikia: bibi kizee wa Ufini, fundi saa wa Uturuki, mtawa wa Brazili. Yeye aliwarudishia kadi alizozichora mwenyewe kwa penseli za rangi, kwa kuwa siku hizi hakuna anayechapa kadi ya Kalemie. Shida ilikuwa njia. Barua za mbali hazifiki hapa kwa urahisi. Ndipo akaingia Elie.

Elie alikuwa fundi wa injini katika boti ya mizigo iendayo Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kurudi, mtu wa Moba, mrefu, mwenye maneno machache na mikono isiyotoka mafuta hata baada ya sabuni mbili. Alikodi sanduku la posta kule ng'ambo kwa jina lake. Kila boti ilipotia nanga Kalemie, alipanda mpaka shuleni akiwa amevaa kadi za Bertille kifuani, chini ya shati, zimefungwa kwa plastiki. Alizitoa moja moja. Bertille alizitazama kadi. Yeye alimtazama Bertille anavyozitazama. Miaka ikapita hivyo, bila neno.

Siku moja aliuliza, "Mwalimu, hizi zote zinasema salamu kutoka fulani, salamu kutoka fulani. Na sisi, ni wapi imeandikwa salamu kutoka kwetu?"

"Hakuna, Elie. Ndiyo maana nachora."

Elie aliinua uso. Kisha macho yao yakakutana, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuyaondoa.

Hayo yalikuwa kabla ya mvua. Jumatatu iliyopita injini ya Elie iliharibika, akabaki Kigoma kungoja kipuri. Kadi aliyokuwa ameiandika aliikabidhi kwa nahodha wa boti nyingine, Prospère. Nahodha alimpa Mama Bijou, Mama Bijou akampa Jovial, kijana wa pikipiki, naye Jovial akaileta nyumbani Jumanne, Bertille akiwa darasani. Papa Ruben aliipokea. Aliigeuza atafute jina, akaona jina la binti yake, akaona mwandiko wa mwanamume umejaa ukingo hadi ukingo. Mara moja akafumba macho.

"Ni nani mwingine ameishika?" aliuliza.

"Papa, wote!" Jovial alicheka kwa furaha. "Tumesoma wote. Hata mama wa chai pale kwenye lango alisomewa. Iko muzuri sana, Papa, usome!"

Papa Ruben hakusoma. Alichukua bahasha mpya, akaiingiza kadi bila kuitazama, akaipiga gundi, akaandika juu yake kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Irudi kwa mwandishi.* Akaiweka juu ya kabati, chini ya msalaba, mahali pa wazi. Nayo ilikaa pale. Bertille alipita mbele yake asubuhi na jioni. Mkono wake ungeweza kuifikia bila kunyanyua kisigino. Hakuigusa, maana alikuwa amelelewa na mtu yule yule.

*

Walipofika nyumbani, Tantine Adrienne, dada mdogo wa Papa Ruben, alikuwa jikoni akikatakata vitunguu. Alimtupia Bertille jicho moja.

"Uko unalia?"

"Hapana, Tantine. Ni vitunguu."

"Vitunguu viko kwangu, weye uko mlangoni. Ingia, ukasemeshe baba yako. Miye nimechoka kupika ndani ya nyumba yenye haina sauti."

Bertille aliingia sebuleni. Papa Ruben alikuwa ameketi chini ya picha ya marehemu mke wake, koti bado limefungwa vifungo vyote.

"Papa, ndani ya bahasha ile mna kitu changu."

"Mna kitu cha mtu aliyekosa adabu. Kitarudi kwake."

"Amekosa adabu kwa neno gani? Papa hujalisoma."

"Sihitaji kusoma ili nijue. Nilipomtaka mama yako niliandika, nikafunga, nikampa mjomba wangu. Mjomba akampa baba yake. Hakuna aliyeona hata nukta. Huyu ameandika mapenzi yake kama tangazo la dawa ya panya!"

"Yaya Ruben," Tantine Adrienne alimwita kaka yake kutoka jikoni, "ile dawa nayo inauzwa sana."

"Adrienne, pika."

"Ninapika."

Papa Ruben alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa imepungua ukali, na hilo lilimtisha Bertille kuliko ukali wenyewe.

"Bertille, ni mtu wa maji. Leo Kigoma, kesho Moba. Je, nikikuweka mikononi mwa mtu asiyejua hata kufunika neno lake, atafunika nini? Nyumba yako? Aibu yako? Mama yako hayupo. Akikutupa, nitamjibu nini mama yako?"

Bertille alitazama picha ya mama yake, kisha mikono ya baba yake, iliyokuwa imezeeka pasipo yeye kugundua. Alitambua ya kuwa ile haikuwa hasira tu. Lakini moyo wake ulikuwa umekaa kimya tangu Jumanne, nao ulikataa kukaa zaidi.

"Papa, leo asubuhi padri alisoma nini?"

"Injili."

"Baada ya Injili. Kabla ya baraka."

Papa Ruben aliikunja miwani yake.

"Alisoma majina ya watu wanaotaka kuoana. Aliyasoma kwa sauti, mbele ya kila mtu, na Jumapili ijayo atayasoma tena. Ndoa haitangazwi ndani ya bahasha, Papa. Hata Kanisa halijawahi kuona haya."

"Kanisani anasoma padri. Si muuza samaki."

"Na wanaosikiliza ni akina nani? Si wauza samaki?"

Kisu cha Tantine Adrienne kilinyamaza jikoni. Bertille alijishangaa, hakuwahi kumjibu baba yake neno kwa neno. Alisubiri ghadhabu. Badala yake, wote watatu walisikia sauti uani.

"Hodi, hodi hapa."

Bertille aliijua.

"Karibu," Papa Ruben alisema, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Elie aliingia akiwa ameshika kofia yake. Kipuri kilikuwa kimepatikana, naye alikuwa ametoka bandarini moja kwa moja. Shati lilikuwa na chumvi ya jasho, na mafuta yalikuwa kwenye kucha. Aliinama kwa mzee, akampa mkono wa kulia akiushikilia kwa wa kushoto. Elie alimtazama Bertille mara moja tu, kutazama kufupi kwa mtu aliyekuwa na kiu akionja maji kwa ncha ya ulimi, halafu akarudisha macho chini.

"Umekuja peke yako," Papa Ruben alisema. "Bila mjomba, bila mkubwa wako."

"Papa, sikuja kuposa. Kuposa ni kazi ya wajomba zangu, nao wako Moba. Nimekuja kuuliza kama kadi imefika. Nahodha ameniambia aliitoa. Mama Bijou ameniambia aliitoa. Jovial naye. Baada ya Jovial, njia imekatika."

"Haikukatika. Imefika." Papa Ruben alisimama, akaichukua bahasha juu ya kabati, akamnyooshea. "Nimeivika nguo. Irudishe kwenu."

Elie hakunyoosha mkono. Kofia ilizunguka vidoleni mwake polepole.

"Papa unisamehe. Siwezi kuikamata."

"Kwa nini?"

"Si yangu tena. Ilitoka mkononi mwangu Jumatatu."

Elie hakujua uzito wa maneno hayo kwa mzee. Lakini Bertille alimwona baba yake akibadilika uso, akakumbuka kisa kilichosimuliwa mezani utoto wake wote: jinsi mfanyabiashara mmoja tajiri alivyokuja stesheni kudai arudishiwe kifurushi alichokuwa amekwisha kukituma, akapiga meza, akatishia kuita wakubwa, na Papa Ruben, kijana wakati ule, akamwambia bila kuinuka kitini, *Bwana, kitu kikishatumwa ni cha aliyeandikiwa. Mimi ni njia tu.* Kisa hicho ndicho kilichokuwa fahari ya nyumba yao, kwa kuwa fahari nyingine hawakuwa nayo.

Mkono wa mzee ulibaki angani na bahasha. Alitazama maneno aliyoyaandika mwenyewe, *Irudi kwa mwandishi*, kama mtu anayesoma mwandiko wa mgeni.

"Niambie jambo moja," alisema hatimaye. "Kwa nini hukuifunga?"

"Jibu liko mule mule, Papa." Elie alisita. "Na bila kukosa heshima, kati ya wote walioishika, ni Papa peke yake ambaye halijui."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mtu anayekohoa ili asicheke.

Papa Ruben hakucheka. Aligeuka, akatembea hatua zile chache mpaka kwa binti yake, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Ni yako," alisema. "Soma. Na kwa kuwa mji umesikia, nami nisikie."

Bertille aliichana gundi kidogo kidogo ili asidhuru kitu. Kwanza ilitoka picha. Haikuwa piramidi wala mlima. Ilikuwa mto Lukuga, pale unapoliacha ziwa, maji mapana ya kijani yakibana na kuanza kwenda, na mbali kidogo mapaa ya bati ya mji wao. Elie alikuwa ameipiga mwenyewe, akaichapisha kwa mpiga picha wa Kigoma. Chini yake kulikuwa na maneno manene mekundu: *Salamu kutoka Kalemie.*

Aliigeuza. Akasoma kwa sauti.

"*Bertille. Miaka yote nimekuletea milima na maporomoko ya watu wengine, na kila mara niliona haya kwamba mkono wangu hauna kitu cha kwetu. Sasa nimepata. Mito mingi inaingia ndani ya ziwa hili, lakini mlango wa maji kutoka ni huu mmoja. Mimi niko hivyo. Nimepita bandari nyingi, mlango wangu ni mmoja. Nitawatuma wajomba kwa baba yako. Akikataa nitaendelea kukuletea kadi zako, maana hiyo ni ahadi nyingine na haina kosa. Sikufunga maneno haya. Nataka kila anayeyapitisha ayajue, anishike nayo siku nikiyasahau. Kila anayepokea aandike jina lake, kama tunavyofanya kwa mzigo wa mkononi. Elie.*"

Chini yake majina yalikuwa yamebanana kama abiria. *Nahodha Prospère, nimesoma, tutamwangalia.* *Bijou, nimelia.* *Jovial wa pikipiki, mimi pia shahidi.* Hata mama wa chai alikuwa ameweka msalaba mdogo pembeni, kwa sababu hajui kuandika.

Tantine Adrienne alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi, na sasa ilikuwa zamu yake kusingizia vitunguu.

Papa Ruben alivaa miwani. Aliiomba kadi, akaisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kidole kikifuata mstari, kwa utaratibu ule ule aliokuwa akisomea hati za mizigo. Alipofika kwenye majina alisoma kila moja kwa kunong'ona. Penye jina la Jovial alisimama.

"Baada ya hapa hakuna mtu," alisema, kama anayejiambia. "Mzigo umepokelewa na mtu asiyetia sahihi."

"Papa, si kitu..." Elie alianza.

"Kijana, ni kitu."

Alitoa kalamu mfukoni mwa koti. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kama ukucha. Aliandika polepole, akapuliza wino, akamrudishia Bertille. Ilikuwa imeandikwa: *Imepokelewa. Ruben.* Na kando yake, tarehe. Bertille aliitazama mara mbili. Haikuwa tarehe ya Jumapili. Ilikuwa ya Jumanne, siku kadi ilipofika kwa kweli; na yeyote atakayeisoma, leo au baada ya kufa kwake, atajua kwamba mzee wa stesheni alimchelewesha binti yake.

"Papa," alisema Bertille.

"Waambie wajomba zako waje," Papa Ruben alimwambia Elie, huku amempa mgongo na kuangalia picha ya mke wake. "Waje mchana, kwa mlango wa mbele. Mengine tutayazungumza, na sijasema ndiyo. Na barua yao, nakuomba, iwe na bahasha."

"Ndiyo, Papa."

"Adrienne, mpe mtu huyu maji anawe. Mikono yake inanuka injini."

*

Bertille alimsindikiza Elie mpaka kwenye ua. Jua lilikuwa bado juu, na jirani walikuwa wamepata sababu nyingi za kufagia mbele ya milango yao. Hawakushikana mikono. Walisimama kwa umbali ambao hata padri asingeona neno la kusema.

"Bertille," alisema Elie, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila kutanguliza Mwalimu. "Baba amejibu lake. Weye hujanijibu."

Alimtazama. Aliona usoni mwake hofu ya mtu aliyesimama mbele ya mji mzima akasema neno lake, na sasa anangoja. Alitaka kumjibu hapo hapo. Neno lilikuwa limejaa kinywani. Lakini alikuwa binti wa Léonie, na alikuwa na sheria yake.

"Isiyosafiri ni picha tu," alisema kwa upole. "Nitaichora leo. Nitaiandika, nitampa Jovial, naye atampa Mama Bijou, mpaka ifike kwako ndani ya boti."

"Na bahasha?"

Bertille alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alitabasamu.

"Kesho asubuhi, Elie, ukitaka kujua nilichokujibu, uliza bandarini."